Sista wa Dirisha la Dawa

Kuchukua dawa kwa Sista, muuguzi wetu, ilikuwa sharti kwanza ufaulu mtihani. Dirisha lake lilikuwa dogo, la mbao, lililopakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi likawa halifungiki vizuri, pale kwenye zahanati ya kanisa, kituo cha matatu cha Kawangware 46. Angekutolea bahasha ndogo ya kaki aliyoiandika kwa kalamu nyekundu, lakini haiachilii. Wewe umeshika upande huu, yeye ameshika upande ule.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kifua, Sista."

"Unakunywa aje?"

"Moja asubuhi, moja jioni."

"Ukiwa umekula ama hujakula?"

"Nikiwa nimekula."

"Rudia."

Unarudia yote tangu mwanzo, huku foleni nyuma yako ikisonya. Ukikosea, bahasha inarudi ndani na wewe unarudi kwenye benchi ukafikirie. Nimemwona mzee mmoja mwenye ploti tatu, mtu anayeogopwa na wapangaji, ameketishwa kwenye benchi lile kama mtoto wa nasari, kofia mkononi, akijikaririsha vidonge vyake vya presha.

Alikuwa na jina la ubatizo kama watu wote. Mimi na mke wangu tulimpa binti yetu jina hilo, ndiyo maana silitaji hapa. Sina uso wa kuandika haya ninayoyaandika halafu nichanganye na jina la mtoto. Nyumbani tunamwita Sista Mdogo, na kila asubuhi nikimwamsha aende shule naona haya upya.

Kazi yangu ni spika. Nakodisha vipaza sauti, maikrofoni na jenereta kwa matanga, harusi, krusedi na mikutano ya wanasiasa, kuanzia Kawangware hadi Kibera. Watu wananiita Fundi. Nalisema hili mapema kwa sababu bila spika zangu aibu hii ingekuwa ndogo, ya watu wawili watatu.

Msidhani Sista alikuwa malaika. Alihubiri usafi mpaka mtu akatamani kunawa ulimi, lakini saa kumi na moja jioni ungemkuta amesimama kwa muuza mutura, ile soseji ya matumbo ya kuchomwa, anachovya kipande kwenye chumvi na pilipili iliyochovywa na vidole vya mtaa mzima.

"Sista, hiyo imeoshwa wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Mutura haiulizwi maswali, Fundi. Kula ama uende."

Aliwafokea wazee kwa kunusa ugoro, na yeye mwenyewe alikuwa na kakopo mfukoni mwa sweta. Tulikuwa tukimsikia akipiga chafya nyuma ya tangi la maji, mara tatu tatu, kisha anarudi dirishani macho mekundu na kumuuliza mgonjwa wa kwanza kama anavuta sigara. Aliwadunga watu sindano miaka na mikaka, lakini siku ya kudungwa yeye chanjo alimshika mfagiaji mkono, akafumba macho, akaanza kuimba wimbo wa kanisa. Mfagiaji alituhadithia kwa mwezi mzima.

Misemo yake mikubwa ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa huu: "Boksi si Biblia." Alimaanisha kwamba dawa husajiliwa kwa ugonjwa fulani, na ugonjwa huo ndio huandikwa kwenye boksi, lakini daktari au muuguzi anayejua kazi yake anaweza kuona inatibu kitu kingine. Alikuwa akitoa mfano wa aspirini, dawa ya kichwa, inavyopewa watu wa moyo. "Dawa yenyewe haijui imeandikwa nini kwa boksi," alisema. "Mimi ndiye nafaa kujua."

Wa pili ulifuata hapo hapo: "Na mwenye ametoa, aandike jina." Misemo hiyo miwili ilikuwa kama jozi ya ndara, ukivaa moja peke yake unachechemea. Wengi wetu tulishika ule wa kwanza tu, kwa kuwa ulikuwa mtamu mdomoni. Huu wa pili ulikuwa na kazi ndani yake. Alikuwa na kitabu kikubwa cha jalada jeusi, na kila mara alipoitumia dawa kwa kazi ambayo haikuandikwa kwenye boksi, aliandika humo jina la mgonjwa, dawa, sababu na jina lake mwenyewe, halafu mtu wa familia anatia sahihi.

Najua kitabu hicho kwa sababu kina sahihi yangu.

Ni siku aliyozaliwa Sista Mdogo, miaka kadhaa kabla ya corona. Ilikuwa mchana wa mvua, stima zilikuwa zimepotea siku ya pili, na maji yalikuwa yamefunga barabara. Mtoto alitoka salama, lakini mke wangu akaendelea kuvuja damu. Sindano ya kuzuia damu ile huwekwa kwenye friji, na friji ilikuwa na joto sawa na kabati. Sista alikuja mlangoni, glavu zake sitaki kuzielezea, akanionyesha kiboksi.

"Fundi, nisikize. Hii ni dawa ya vidonda vya tumbo. Haijaandikiwa hii kazi. Nimeiona ikifunga damu, hospitali ingine, mara nyingi. Inaweza kumletea baridi na joto. Gari haifiki hapa saa hii. Nimpe?"

"Mpe, Sista."

"Rudia. Ni dawa ya nini?"

Hata pale! Mke wangu anakwisha, na yeye ananiuliza maswali ya dirishani. Nikarudia nikilia, dawa ya vidonda vya tumbo, haijaandikiwa hii kazi, ndio nimekubali. Akaingia. Alikaa na mke wangu mpaka damu ikakatika na mtetemeko ukaisha, akamfunika kwa sweta lake lenye kakopo ka ugoro. Kisha akaleta kitabu cheusi, nikatia sahihi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatusikia. Shikeni hapo, nitaparudia.

Corona ilipokuja ilianza na kazi yangu. Hakuna harusi, hakuna krusedi, na matanga yakawa ya watu wachache wasiohitaji spika. Vifaa vyangu vikakaa ndani ya nyumba vimefunikwa shuka. Halafu mama akaugua. Mama anaishi Kibera, upande ule wa kutazamana na maghorofa ya Nyayo Highrise, na ni mtu wa upande wa ziwa kama sisi wote wa kwetu, amezoea kuuza omena, dagaa wa ziwani, jua likimchoma. Nilimkuta amekaa kitandani, anapumua kwa mabega.

Nilimpigia Sista, naye akaja Kibera kwa miguu yake, umri ule. Akambana mama kidole kwa kale kamashine kao ka kupima oksijeni, akakatazama, akakafuta, akakatazama tena. Akatoka nje na simu. Nilimsikia akibembeleza kwa Kikuyu, akieleza kwa Kiingereza, na mwisho akigomba kwa Kiswahili, "Mimi sishuki kwa hii simu mpaka uniambie kitanda namba ngapi!" Mama akapata kitanda, na kitanda kilikuwa na oksijeni. Wako watu wa mtaa wetu ambao hawakupata.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona video kwenye simu. Mnazikumbuka. Dawa ya minyoo, ile ya bei ya chini ambayo hata mifugo hupewa, eti inamaliza corona kwa siku tatu na wakubwa wanatuficha. Niliwauliza madaktari wa pale alipolazwa mama, wakakataa. Nikaenda dirishani.

"Si wewe husema boksi si Biblia?"

"Nasema," Sista akajibu. "Na hii nimeisomea, Fundi, nimeuliza. Sijaona ikifanya hiyo kazi. Siku nitaona, nitampa na niandike jina langu. Leo siwezi kuandika."

"Mama ni wangu."

"Ni wako. Ndio maana siwezi kukudanganya."

Nilitoka pale nimemchukia. Nasema kweli, nilimchukia. Nilikuwa na hofu, na hofu hutafuta mtu wa karibu wa kubebeshwa.

Wiki hizo ndipo mheshimiwa mmoja alipoleta mswada wake. Vikao vidogo vilikuwa vimeruhusiwa, na akaitisha kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kwenye uwanja wa shule, hapo 46. Akakodi spika zangu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya miezi. Viti vilipangwa mbalimbali, barakoa zilikaa kidevuni. Mswada ulisomwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha haraka. Mambo yake makubwa yalikuwa mawili. Hospitali ilazimishwe kumpa mgonjwa wa corona dawa iliyosajiliwa kwa ugonjwa mwingine, familia yake ikiidai. Na aliyeitoa asiulizwe na mtu yeyote baadaye, liwe liwalo.

Watu walipiga makofi. Nilipiga pia, mkono mmoja ukiwa kwenye mashine.

Sista alisimama karibu na mwisho, na karatasi yake aliyoiandika kwa kalamu nyekundu. Nilimpa maikrofoni mimi mwenyewe. Akaanza vizuri. Akasema si kweli kwamba dawa ina kazi moja, na sheria ikiwaruhusu wahudumu wa afya kutumia akili yao, yeye ataiunga mkono. "Lakini hicho kifungu cha pili mkitoe," akasema. "Dawa ikipewa kazi ingine, lazima kuwe na mtu wa kuulizwa. Mkisema hakuna wa kuulizwa, basi mgonjwa amebaki peke yake. Na familia isilazimishe. Familia iko na uchungu, na uchungu hausomi."

Waliosikia ni wachache. Wengine walisikia kwamba Sista anawanyima watu dawa.

"Keti chini, mwenye ploti!" mtu akapaza sauti. Sista alikuwa na vyumba vya kupangisha Riruta, na kwa watu wa kupanga kama sisi neno hilo linatosha kumaliza mjadala. "Nyinyi mko na hospitali zenu!"

Hapo nikachukua maikrofoni ya pili. Hakuna aliyeniita. Mheshimiwa hakunikonyeza, sitamsingizia. Nilikuwa namwona mama na ile mipira ya oksijeni puani, nikafungua mdomo.

"Sista, waambie hawa watu kitu kimoja. Si ni wewe ulimpa bibi yangu dawa ya vidonda vya tumbo akizaa? Bibi yangu alikuwa na vidonda?"

Uwanja ulilipuka. Sista akanitazama. Hakukasirika, na ningependa kusema alikasirika. Alinitazama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na sasa anakikumbuka.

Mwenyekiti wa kikao akanyoosha mkono watu wanyamaze. Alikuwa mtu wa haki, nadhani, maana aliuliza swali la haki.

"Fundi, alikuuliza kwanza?"

Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu.

"Hapana," nikasema. "Hakuniuliza."

Sista akainua maikrofoni yake. "Kuna kitabu," akaanza, "kiko pale kwa..." na sauti yake ikapotea. Watu walidhani ni stima. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe chake. Sitasema kiliteleza.

Nilirudi nyumbani nikiwa shujaa kwa njia nzima, watu wananigonga mabega. "Fundi, umemweza huyo mama!" Mke wangu alikuwa ameketi kitandani anamsuka mtoto. Kutoka kwetu hadi uwanjani ni nyumba chache, na spika zangu ni nzuri.

"Ulisema hakukuuliza," akasema.

"Mama yuko kwa oksijeni."

"Alikuuliza mara mbili. Nilikuwa nakufa na nilisikia. Wewe ulikuwa mzima hukusikia?"

Akaendelea kusuka. Siku tatu hakuniita kwa jina wala kwa cheo.

Kamati ya zahanati ilikutana Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Walisema kanisa haliwezi kubeba maneno, Sista apumzike kidogo mambo yapoe. Alisimamishwa dirishani kidogo, na kidogo hicho hakijaisha mpaka leo. Nimeambiwa aliwapelekea kitabu cheusi, ukurasa ameukunja kwenye sahihi yangu. Mwenyekiti wa kamati akasema watu wameshasikia walichosikia. Dirisha sasa lina mtu mwingine, mpole, mwenye haraka. Unapewa bahasha na kuondoka. Hakuna anayekuuliza ni ya nini.

Mama alipona. Hakumeza hata kidonge kimoja cha ile dawa, ni oksijeni na wauguzi na Mungu wake. Mswada nao ulisukumwa mbele, ukasukumwa tena, uchaguzi ukaja ukaufagia pamoja na mheshimiwa. Kwa hivyo nilimwangusha Sista kwa ajili ya sheria ambayo haikupita na dawa ambayo haikuhitajika. Ningekuwa na la kujitetea kama moja kati ya hayo lingesimama.

Mama hajui. Hakuwa uwanjani, alikuwa kitandani, na waliomtembelea hawakumwambia. Alipotoka alianza na swali, akawa analirudia kila nikienda Kibera. "Nyathina, mwanangu, umeenda kumshukuru Sista?" Nikamwambia nimeenda. Akauliza alisema nini. Nikatunga. Nilimtungia Sista majibu mazuri mazuri kwa miaka, mpaka mama akapenda namna Sista anavyoongea.

Mwaka huu akachoka na maneno matupu. Aliletewa kuku kutoka nyumbani, jike jekundu lenye shingo nene, akamfunga miguu kwa kitambaa na kunipa. "Huyu umpelekee. Mwambie amchinje, ale na chapati. Mwambie ni ya pumzi yangu."

Nilimbeba hadi Riruta nikiombea Sista asiwepo. Alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya ploti yake, mbele ya mlango wa mabati, anamenya minji, njegere mbichi, kwenye sufuria. Amezeeka. Miwani ameifunga kwa uzi. Mpangaji mmoja, mwanamke, alikuwa anafua karibu na bomba.

"Ni Fundi," akasema, kana kwamba nilikuja jana. "Umenona. Sista Mdogo aliniambia umenunua jenereta ingine."

Sikujua kwamba huongea na mtoto wangu. Shule yake iko upande huo. Nikanyoosha mkono wenye kuku bila salamu. Akashika bawa, mimi nikiwa nimeshika miguu, na hakuvuta.

"Hii ni ya nini?"

Nilijua hilo swali litakuja, na bado lilinikata. "Ni ya mama. Anasema asante. Kwa kile kitanda."

"Hiyo ni ya mama. Yako iko wapi?"

Nikatazama minji. Nikasema, "Uliniuliza, Sista. Nikakubali. Halafu nikasema hapana."

"Sisikii."

"Uliniuliza, nikakubali, na mbele ya watu nikasema..."

"Fundi." Alikuwa karibu kucheka, au karibu kitu kingine. "Ile siku, watu wa hii ploti hawakuja uwanjani. Walikusikia wakiwa hapa, wakifua nguo. Leo uko hatua moja na sikusikii. Rudia."

Nikarudia. Nilirudia kwa sauti, yote, pamoja na habari ya kitufe, ambayo hakuna mtu niliyewahi kumwambia. Yule mwanamke wa bomba akaacha kukamua shati. Mlango mmoja ukafunguka.

Sista akatikisa kichwa taratibu, kama alivyofanya dirishani mtu akipata jibu. "Hiyo ni ya hapa," akasema. "Na ya uwanjani?"

Nikaiachilia miguu ya kuku.

Akamchukua kuku, akafungua kitambaa, akamwachilia kwenye maganda ya minji. Kitambaa akakikunja na kunirudishia. "Mwambie mama nimeshukuru sana. Lakini huyu simchinji. Nitamchinja siku nitakusikia nikiwa nimekaa hapa hapa."

Tangu hapo nimefunga spika kwenye uwanja ule mara nne. Krusedi moja, matanga mawili, mkutano mmoja wa chama. Huwa nafika kabla ya watu, nasimama na maikrofoni, nasema moja mbili, moja mbili, na naisikia sauti yangu ikienda upande wa Riruta. Halafu watu wanafika, namkabidhi mchungaji maikrofoni, na mimi narudi nyuma ya mashine. Nimeyaandika haya nikidhani yatahesabika. Nimeyasoma tena kwa sauti ya chini, hayahesabiki.

Mama aliniuliza kama Sista alimpenda kuku. Nikasema alimla na chapati.

Juzi tukiwa mezani, Sista Mdogo akaleta habari kutoka Riruta. Kule kwa Sista, akasema, yule kuku wa dani, nyanya yake wa Kibera, ameangua vifaranga saba, na Sista amemwahidi kimoja. Mke wangu akaniangalia, akaniongezea sukuma wiki kwenye sahani, na tukaendelea kula.